Njia ya Gari Inayokunywa Maji: Namna ya Kuitambua Iliyo Bora Kyela

Ndoo ya lita 20 inatosha kumpima fundi. Nenda kwenye uwanja alioujenga mwaka jana, mwaga maji yote mahali pamoja kwa mkupuo, kisha simama uangalie. Uwanja mzuri unayanywa kabla hujaiweka ndoo chini. Ule wa wastani unayaacha yatambae hatua mbili tatu, halafu yanapotea. Uwanja mbaya unayapeleka yote kwa jirani. Picha za kwenye simu na sampuli ya pevingi (vitofali vya kutandaza uwanjani) iliyopakwa rangi nyekundu hazikuambii lolote kati ya hayo.

Kyela jambo hili lina uzito wa pekee. Mji umekaa kwenye bonde tambarare upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na ziwa lenyewe liko mita 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Mashariki umesimama ukuta wa Milima ya Livingstone, kaskazini uko Mlima Rungwe. Mawingu yanayotoka ziwani yakifika kwenye milima hiyo hayana pa kwenda, yanatua mzigo wao hapa. Kwa mwaka bonde hili linapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua, wakati Dodoma kwa kawaida haifiki 700. Aprili na Mei ndio kilele, na ni miezi hiyohiyo ambapo mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka ikiwa imejaa kuelekea ziwani. Maji yanakuja kutoka juu, yanakuja kutoka kando, na mahali pengi yanapanda kutoka chini.

Katika mazingira hayo, nyumba nzuri zinazojengwa kwa fedha za mpunga na kakao zinazungushiwa zege kutoka ukuta hadi geti. Naelewa sababu yake. Wanyakyusa, wenyeji wa hapa, ni watu wa usafi wa uwanja tangu zamani. Msafiri Mskoti Joseph Thomson, alipopita kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, alisifu sana migomba iliyosimama kwenye ardhi tambarare iliyoondolewa magugu na taka zote, pamoja na nyumba nadhifu za mviringo. Lakini uwanja ule aliousifu ulikuwa udongo mtupu unaopumua. Usafi na kunywa maji vilikaa pamoja, na vinaweza kukaa pamoja hata leo, mradi mwenye nyumba ajue anachokinunua.

Hesabu yake ni nyepesi. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Njia ya gari yenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 15 ina mita za mraba 60. Mvua ya alasiri moja ikifika milimita 80, njia hiyo imepokea lita 4,800, yaani ndoo 240 za lita 20. Zege la kawaida linazikataa karibu zote na kuzisukuma mtaroni, na mtaro ukijaa zinarudi sebuleni, ama kwako ama kwa mwenzako wa chini. England waliona madhara ya haya baada ya mafuriko ya mwaka 2007. Tangu Oktoba 2008, mtu anayetaka kufunika zaidi ya mita za mraba 5 za uwanja wa mbele wa nyumba yake kwa kitu kisichopitisha maji, kisha maji yakimbilie barabarani, lazima aombe kibali. Akiweka kinachopitisha maji, hahitaji kibali. Sisi hatuna haja ya kusubiri sheria kama hiyo.

Sasa chukua kokoto safi, zisizo na vumbi, za ukubwa mmoja. Kati ya kokoto na kokoto kuna nafasi tupu inayofika asilimia 30 hadi 40 ya ujazo wote. Tabaka la sentimita 30 lenye nafasi ya asilimia 35 linaweza kubeba milimita 105 za mvua kabla halijajaa. Ile mvua ya ndoo 240 inaingia yote na nafasi inabaki. Hapa ndipo ubora wa kazi ulipo. Uso unaouona unapitisha maji tu. Tabaka la kokoto lililofichwa ndilo linaloyashika mpaka udongo uyamalize taratibu. Fundi anayezungumzia rangi na maua ya pevingi bila kutaja kina cha kokoto bado hajaanza kukueleza kazi yenyewe.

Kabla ya kununua chochote, iulize ardhi. Kyela haina udongo mmoja. Ufukweni Matema utakuta mchanga unaokunywa bila kuchoka. Kwenye mabonde ya mpunga utakuta mfinyanzi mzito, na mfinyanzi huo ndio unaofanya majaruba yashike maji. Sifa inayoupendeza mpunga ndiyo inayoharibu njia ya gari. Chimba shimo la kina kile ambacho kazi yako itafika, tuseme sentimita 45. Lijaze maji, acha yaishe, lijaze tena, kisha pima kwa rula yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka milimita 13 au zaidi, udongo wako unaweza kuyapokea maji ya uwanja peke yake. Yakishuka chini ya hapo, chini ya kokoto lazima lilazwe bomba lenye matundu la kuyatoa polepole kuelekea mtaroni. Fanya kipimo hiki msimu wa mvua. Mwezi wa kumi udongo umekauka na kupasuka, maji yanaingia kwenye nyufa, na utapata jibu la kukufurahisha ambalo Aprili italifuta.

Ukichimba ukakuta maji yanachuruzika kutoka kwenye kuta za shimo, simama hapo. Kati ya chini ya kokoto zako na maji ya ardhini ya masika panahitajika walau sentimita 60 za udongo. Mahali ambapo maji yako karibu kuliko hapo, kokoto zitajaa kutoka chini kabla mvua haijanyesha, na fedha yako yote itakuwa imezikwa kwenye kisima. Muulize mzee wa mtaa kisima chake mwezi wa nne maji yanakaa futi ngapi kutoka juu. Atakujibu bila kufikiri. Kama ni futi mbili, una njia mbili za haki: kunyanyua uwanja kwa kifusi kabla ya kuweka kokoto, au kuacha ukoka na kuchimba mtaro mzuri. Usikubali kuuziwa ya tatu.

Tukija kwenye kokoto zenyewe, hapa jicho la mnunuzi lina kazi kubwa. Mito yetu inaleta mawe mengi kutoka milimani, mviringo, laini, ya kuvutia. Ni mazuri kwa kupamba bustani. Chini ya tairi yanateleza na kuzunguka, na baada ya miezi michache njia ina mifereji miwili palipopita magurudumu. Unachotaka ni jiwe lililopasuliwa, lenye kona kali, ili kila kokoto ibanane na jirani yake. Iwe imepasuliwa kwa mashine au kwa nyundo za akina mama wanaokaa kando ya barabara, haijalishi, na mara nyingi za kupasuliwa kwa mkono zina vumbi kidogo.

Jiwe jeusi la volkano kutoka upande wa Rungwe ni zuri sana kwa kazi hii: zito, gumu, ukiligonga kwa nyundo linalia sauti kavu na kukatika kwa ukingo mkali. Lakini volkano hiyohiyo ilitema pia jiwe jepesi lenye matundu mengi, na wakati mwingine huchanganywa kwenye tripu moja. Hilo halifai chini ya gari, linasagika kuwa unga na unga unaziba kila nafasi. Kulitambua ni rahisi: chota kokoto kiasi, tia kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea, na zile zinazozama kwa kusitasita huku zikitoa mapovu, zirudishe kwa mwenyewe.

Kipimo cha vumbi ni chupa. Jaza nusu ya chupa ya plastiki isiyo na rangi kwa kokoto ndogo, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, iache itulie. Maji yakibaki yanaonyesha upande wa pili, nunua. Yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, tripu hiyo ioshwe au ikataliwe. Wauzaji watakuambia vumbi linasaidia kushikamana. Ni kweli kwa tabaka la chini la barabara ya lami. Kwa uwanja unaotakiwa kunywa maji, vumbi ndilo adui wa kwanza.

Matabaka yapangwe kwa ukubwa: chini kabisa mawe ya milimita 40 hadi 60, juu yake kokoto za milimita 20, na mwisho tabaka jembamba la sentimita tatu hadi tano la kokoto ndogo za robo inchi ambazo pevingi zitakaa juu yake. Kila tabaka lishindiliwe kabla ya kuleta jingine. Kati ya udongo na mawe ya chini panatandikwa kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji na kuzuia tope lisipande. Mafundi wengi hutumia viroba vya mpunga vilivyofumuliwa. Ni afadhali kuliko kukosa kabisa, kwa kuwa vikifichwa jua haviozi haraka, ila viungo vyake vipandane vizuri, walau sentimita 30, la sivyo tope litapita palepale viliposhindwa kukutana.

Na moramu? Hapana. Nasema hivyo kwa sauti kubwa kwa sababu hili ndilo kosa ninaloliona zaidi. Fundi anachimba vizuri, anamwaga moramu, anashindilia mpaka inakuwa ngumu kama ubao, kisha anapanga pevingi juu. Uwanja unapendeza. Lakini moramu iliyoshindiliwa haipitishi maji, hiyo ndiyo kazi iliyozaliwa nayo. Mvua inapita kwenye viungo, inafika kwenye moramu, inakwama, inailainisha, na baada ya masika moja pevingi zinaanza kubonyea chini ya tairi na kutema tope jekundu.

Pevingi sasa. Kwa gari dogo, Noah au bajaji, unene wa milimita 60 unatosha. Kama Fuso litaingia kuchukua magunia ya mpunga au kakao, chukua milimita 80 bila kubishana. Pima kwa rula vitofali vitano vilivyochukuliwa ovyo kutoka katikati ya rundo, maana vya juu huwa vimechaguliwa. Shika viwili uvigonganishe. Kilichokomaa kinalia, kibichi kinatoa sauti ya kuziba. Kwaruza kwa msumari: ukiacha alama nyeupe nyembamba ni sawa, ukichimba mfereji na unga ukamwagika, saruji ilibaniwa au hakikumwagiliwa. Omba kimoja kivunjwe mbele yako. Ndani kokoto ziwe zimekatika pamoja na saruji. Zikiwa zimechomoka nzima na kuacha vishimo, mshiko ni dhaifu. Muulize mtengenezaji vilimwagiliwa siku ngapi. Vinahitaji angalau siku saba za unyevu na vinafikia nguvu yake siku ya 28. Anayekuuzia vya wiki iliyopita anakuuzia nusu ya kazi.

Umbo ni suala la ladha. Mpangilio si suala la ladha. Gari linapokata kona getini, tairi linasokota vitofali. Vikipangwa kwa mistari iliyonyooka, mistari yote inasogea pamoja. Vikipangwa kwa pembe, kimoja kimelala na kingine kimesimama kama msuko wa ukili, kila kimoja kinazuiliwa na jirani zake na uwanja hautambai. Uombe mpangilio huo angalau sehemu ya kuingilia na ya kugeuzia.

Halafu viungo. Kizuizi kikubwa cha maji kwenye viwanja vyetu hutengenezwa siku ya mwisho ya kazi, wakati fundi anamwaga mchanga mlaini juu ya pevingi, anachanganya na saruji kavu, anafagia, anamwagia maji na kuondoka akisema amekuimarishia. Amekufungia. Viungo vya uwanja unaokunywa viwe na upana wa milimita 6 hadi 10 na vijazwe kokoto ndogo kabisa zilizooshwa, za milimita 2 hadi 5, bila chembe ya saruji. Zifagiwe mpaka zijae, mashine ya kushindilia ipite, zifagiwe tena. Andika hilo kwenye makubaliano kabla hujatoa malipo ya mwanzo, na siku ya viungo uwepo mwenyewe.

Wapo wanaouliza kuhusu zege lisilo na mchanga, lile la kokoto na saruji peke yake. Likifanywa na mtu anayelijua, lina nafasi tupu ya asilimia 15 hadi 25 na linakunywa vizuri ajabu. Tatizo lake ni kwamba linahitaji maji ya kipimo halisi. Yakizidi, saruji inashuka chini na kutengeneza sakafu iliyozibwa. Yakipungua, kokoto zinang'oka kwa kidole. Sijaona sababu ya kulichagua mahali ambapo huwezi kwanza kutembelea kazi ya fundi huyohuyo iliyopita masika mawili. Matofali ya kuchoma yanafaa kwa njia ya miguu, yale ya katikati ya tanuru yaliyoiva mpaka yakalia, ila si chini ya gari. Kokoto zilizomwagwa wazi bila pevingi zinakunywa kuliko vyote na ni nafuu, lakini fikiria mwezi wa sita na wa saba: wapi utaanika mpunga? Turubai juu ya kokoto linatoboka, na punje zikimwagika hazifagiki. Katika wilaya hii uwanja una kazi ya pili, na mwongozo wowote unaoisahau haukuandikwa kwa ajili yetu.

Kingo zisionekane kama urembo. Bila mstari wa mawe au zege uliozikwa imara pande zote, pevingi zitaanza kutawanyika kutoka ukingoni na viungo vitapanuka. Mteremko uwe mdogo, sentimita moja au mbili kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Hata uwanja unaokunywa huzidiwa siku moja, na siku hiyo maji yajue pa kwenda. Maji ya paa yasimwagwe hapo kabisa. Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ileile ya milimita 80 linatoa lita 8,000, zaidi ya mara moja na nusu ya mzigo wa njia yako yote. Yapeleke kwenye tangi, na yatakayofurika yapelekwe kwenye mtaro wake. Na kama ua wako una kisima kifupi, weka njia ya gari na hasa sehemu ya kutengenezea magari mbali nacho, kwa kuwa uwanja unaokunywa mvua unakunywa pia oili inayodondoka, na wenye visima Kyela hawachimbi kwenda mbali kuyapata maji.

Ukienda kukagua kazi iliyokwisha, chagua siku ya mvua na usiogope kulowa. Saa moja baada ya mvua kukatika, tafuta madimbwi. Tazama rangi: ukijani wa ukungu kwenye viungo vya sehemu moja unaonyesha maji yanakaa hapo, na mbu wanapajua kabla yako. Mstari wa tope jembamba kando ya ukingo unaonyesha udongo wa bustani unaletwa na maji juu ya uwanja, na utaziba viungo mwaka huu au ujao. Piga hatua palipopita tairi, sikiliza kwa unyayo kama kuna kitofali kinachocheza. Kimoja kinaweza kuwa bahati mbaya. Vitatu vilivyofuatana ni tabaka la chini lililoharibika.

Matunzo ni machache lakini hayana mbadala. Pumba za mpunga, majani ya mikakao na vumbi la nyumba vifagiwe, hasa baada ya mavuno. Kila mwaka kabla ya masika, chokoa viungo vilivyoziba kwa fimbo au panga kuukuu, toa sentimita mbili za juu, ujaze kokoto ndogo mpya. Ndoo ile ya lita 20 itakuambia kama imetosha.

Kwa uwanja wa kawaida wa Kyela mjini, wenye gari moja na familia inayoanika mpunga, hukumu yangu ni hii: mistari miwili ya pevingi za milimita 60, kila mmoja upana wa sentimita 60, ikipita juu ya kokoto safi za sentimita 30, ukoka katikati na pembeni, na kipande kimoja cha pevingi karibu na stoo kwa ajili ya turubai. Inagharimu kidogo kuliko kufunika eneo lote na bado inakunywa. Mwenye Fuso afunike njia nzima kwa milimita 80. Aliye kwenye bonde lenye maji futi mbili chini aanze na kifusi au abaki na ukoka. Nunua kokoto mwezi wa nane wakati barabara zimekauka, anza kazi Septemba, na hakikisha viungo vimejazwa kabla ya mvua za Novemba.